Mgonjwa aliyechanjwa akikaa siku nyingi wodini, tuulize kwanza habari ya figo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenisumbua tangu nilipostaafu kazi ya uuguzi, na ambalo bado nalisikia kila UVIKO-19 inapotajwa katika mabaraza ya hapa Mtwara. Husemwa hivi: fulani alichanjwa na bado alilazwa karibu wiki tatu, ilhali mwenzake wa kitanda cha jirani hakuchanjwa na aliruhusiwa siku ya sita, basi chanjo ilimsaidia nini? Anayesema hivyo simwiti mjinga wala mkorofi, kwa kuwa anasimulia alichokiona kwa macho yake. Ninachokipinga ni namna anavyozihesabu zile siku, kwa sababu katika hesabu yake kuna kiungo cha mwili ambacho hakikutajwa kabisa, nacho ni figo.

Mmoja wa hao wanaotajwa ni kaka yangu wa tumbo moja, mkulima wa korosho wilayani Tandahimba, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Alichanjwa Septemba 2021, dozi moja ya Janssen, ile chanjo iliyoingia nchini Julai mwaka huo kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Alikuwa na umri wa miaka 61 na alikuwa amekwisha kunywa dawa za presha kwa miaka 12. Januari 2022 akashikwa na homa, kikohozi na kuharisha. Alibaki nyumbani siku tano akimeza diklofenaki aliyoinunua duka la dawa, maana mgongo na viungo vilikuwa vinamuuma sana, na maji aliyoyanywa yalikuwa machache kwa sababu kila kilichoingia tumboni kilimchafua. Siku ya sita tulimfikisha hospitali akihema kwa shida. Alilazwa siku 19.

Katika kitanda cha pili alikuwapo kijana wa miaka thelathini na kitu, hakuchanjwa, naye aliondoka siku ya sita akitembea kwa miguu yake. Upande wa ukutani alilazwa mzee ambaye naye hakuchanjwa. Huyo alifariki usiku wa pili, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku 19, siku 6, siku 2. Mtu akizichukua namba hizo tatu peke yake na kuzilinganisha, ataona kwamba aliyechanjwa ndiye aliyeteseka kuliko wenzake, na kwamba mzee aliyekufa ndiye aliyepata nafuu upesi zaidi. Ndugu Mhariri, hapa ndipo penye kosa la kwanza, na limewahi kuwapotosha hata watu waliosoma: urefu wa kulazwa haupimi ukali wa ugonjwa mpaka kwanza uwatenge waliotoka wakiwa hai na waliotolewa wakiwa maiti. Kifo hufupisha siku za wodini. Matibabu yanayomwokoa mtu, mara nyingi, huzirefusha.

Kosa la pili linahusu nani aliyechanjwa. Chanjo ilipoanza kutolewa nchini, waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya muda mrefu kama presha, kisukari na figo zenyewe. Ulikuwa utaratibu sahihi, kwa kuwa hao ndio waliokuwa hatarini zaidi. Lakini matokeo yake ni kwamba ukiingia wodini miezi michache baadaye na kuwauliza wagonjwa nani amechanjwa, wengi watakaoinua mikono ni wazee na wagonjwa wa kliniki, na wasiochanjwa watakuwa na vijana wengi ndani yao. Ukiwalinganisha makundi hayo kwa siku walizolazwa bila kuangalia umri na hali ya figo zao, unakuwa umemlinganisha baba na mwanawe, kisha ukasema tofauti yao imeletwa na sindano.

Na wale waliochanjwa ambao hawakufika hospitali kabisa hawamo katika hesabu hiyo. Katika majaribio ya Janssen yaliyofanyika Marekani, Afrika Kusini na nchi za Amerika ya Kusini, chanjo hiyo ilizuia ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 85 ilipotimia siku 28 baada ya kuchanjwa. Virusi vilibadilika baadaye na kinga ya dozi moja ikapungua, hilo ni kweli, lakini watu walioepushwa na kitanda hawaonekani kitandani, na hakuna anayeketi barazani kusimulia habari za jirani ambaye hakulazwa.

Sasa niingie kwenye figo zenyewe, kwa sababu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Tuliwazoea wagonjwa wa UVIKO kama wagonjwa wa mapafu, na hata ile lugha ya mwaka 2021 ya kusema fulani ana changamoto ya upumuaji ilituelekeza kifuani tu. Lakini mlango ambao kirusi hiki hutumia kuingia ndani ya seli, kipokezi kinachoitwa ACE2, upo kwa wingi pia katika mirija ya figo. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani kirusi chenyewe hushambulia figo moja kwa moja. Kilicho wazi kwa kila aliyefanya kazi wodini ni kwamba figo huumizwa kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: homa na kuharisha hukausha maji mwilini, oksijeni hupungua katika damu, presha hushuka, damu huganda katika mishipa midogo, na juu ya hayo huja dawa ambazo mgonjwa alijinunulia mwenyewe kabla hajafika. Diklofenaki na ndugu zake, wakiwemo ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio vya figo. Kwa kijana mwenye afya aliyekunywa maji ya kutosha, vidonge viwili au vitatu huenda visilete madhara. Kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha, anayeharisha, ambaye hajanywa maji tangu asubuhi, ni hatari ya kweli.

Mwanzoni mwa janga, kabla chanjo haijapatikana popote duniani, hospitali za mtandao mmoja wa New York ziliwafuatilia wagonjwa 5,449 waliolazwa Machi na siku za mwanzo za Aprili 2020. Asilimia 36.6 kati yao walipata jeraha la ghafla la figo, yaani figo kudhoofika ndani ya siku chache. Miongoni mwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia walikuwa karibu 9 katika kila 10. Miongoni mwa wasiowekwa walikuwa kama 2 katika kila 10. Naomba wasomaji wazitazame namba hizo mbili za mwisho kwa makini, kwa kuwa zinaonyesha kwamba figo huumia zaidi kadiri ugonjwa wa mwili mzima unavyokuwa mkali, na hapo ndipo chanjo inapoisaidia figo: inapunguza uwezekano wa kufikia ukali huo. Haiigusi figo yenyewe wala haiifanyi mpya. Aliyeingia kwenye ugonjwa akiwa na figo zilizochoka ataendelea kuwa nazo, awe amechanjwa au hajachanjwa. Nchini Uingereza, uchunguzi uliohusisha kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17 ulionyesha kwamba watu ambao figo zao zilikuwa zimedhoofika sana walikuwa na hatari ya kufa kwa UVIKO takriban mara mbili na nusu ya wengine, hata baada ya umri na magonjwa mengine kuzingatiwa.

Liko jambo jingine ambalo wenzangu wauguzi watalikumbuka. Kwa miaka mingi wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine wamekuwa wakipewa chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa dozi iliyoongezwa maradufu, kwa sababu mwili wenye sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa hautengenezi kinga ya kutosha kwa dozi ya kawaida. Kwa hiyo haikutushangaza ilipoonekana kwamba wagonjwa wa figo waliochanjwa dhidi ya UVIKO nao walijenga kinga pungufu, na kwamba waliopandikizwa figo, ambao hunywa dawa za kushusha kinga, ndio waliopata kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri Oktoba 2021 kwamba watu wenye upungufu mkubwa wa kinga waongezewe dozi. Hivyo figo dhaifu humrudisha mgonjwa nyuma mara mbili: humfanya apate faida ndogo ya chanjo, na akishalazwa humfanya akae zaidi. Mtu asiyelijua hilo ataona siku nyingi za mgonjwa aliyechanjwa na kuilaumu chanjo kwa kazi iliyofanywa na figo.

Kwa nini akae zaidi? Nieleze kwa kaka yangu. Damu yake ilipimwa kreatinini siku ya nne ya kulazwa, ikasoma 214, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo zikiwa nzima huitoa kwenye mkojo. Kwa wanaume wengi wazima haivuki 110 au karibu na hapo. Siku ya saba ikafika 240. Tangu hapo kila uamuzi ukawa wa taratibu. Dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa wagonjwa wengine wa wodi ile ilikuwa sindano ya kawaida, kwake ilibidi ipunguzwe, kwa kuwa hutolewa mwilini na figo na ikizidi mgonjwa huvuja damu. Dripu ikawa kazi ya kupima kama dhahabu, kwa maana figo zilitaka maji na mapafu yaliyojaa uvimbe hayakuyataka. Mkojo wake ulipimwa kwa mililita, mchana na usiku, na kila asubuhi tuliulizana kama potasiamu, chumvi ya damu ambayo figo zikishindwa huzidi na kuhatarisha moyo, imepanda. Tulikwisha kuanza kuulizana habari za kumpeleka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550, endapo angehitaji kusafishwa damu. Kwa rehema za Mungu haikufika huko. Oksijeni aliachishwa siku ya 10. Mapafu yalimruhusu siku hiyo. Figo zikamzuia hadi siku ya 19.

Nikiwa pale kama dada wa mgonjwa, bila sare na bila mamlaka, daktari wa zamu aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma: kipimo chake cha figo cha zamani kilikuwa ngapi? Nikalifungua daftari lake la kliniki. Miaka 12 ya presha na uzito, kwa mwandiko wa watu mbalimbali, na hakuna hata mara moja palipoandikwa kreatinini wala protini kwenye mkojo, ambayo huashiria kwamba vichujio vya figo vinavuja. Sitaji kliniki ile wala hospitali aliyolazwa, kwa sababu najua upungufu huo haukuwa wa mahali pamoja, na mimi mwenyewe nimefanya kazi katika kliniki za namna hiyo na sikuuliza.

Bila kipimo cha zamani, ile 214 haisemi kitu kimoja. Huenda ni figo zilizokuwa nzima mwezi uliopita na kuumizwa ghafla na ugonjwa huu. Huenda ni figo zilizokwisha kuharibiwa na presha kwa miaka mingi pasipo mtu kujua. Huenda ni yote mawili. Wataalamu wa figo huhesabu jeraha la ghafla pale kreatinini inapopanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au inapofika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, au mkojo unapopungua mno. Na huita ugonjwa sugu pale hitilafu inapodumu zaidi ya miezi mitatu. Hivyo vyote vinataka vipimo viwili au zaidi, kwa tarehe tofauti. Na ile hesabu ya kiwango cha uchujaji, yaani kiasi ambacho figo huchuja kwa dakika, ambayo hutumia kreatinini, umri na jinsia ya mtu, imetengenezwa kwa mtu ambaye kreatinini yake imetulia. Ukiipiga wakati namba bado inapanda au kushuka utapata jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo yeyote atakayetaka kuchunguza uhusiano wa figo na siku za kulazwa kwa wagonjwa waliochanjwa, hapa kwetu au kwingine, akitumia kipimo kimoja tu cha siku ya kuingia, atakuwa amewaweka kwenye kapu moja watu wa aina mbili ambao magonjwa yao huenda njia tofauti.

Niongeze hapa onyo dogo kwa wanaosoma majibu ya maabara wenyewe. Kreatinini ya 100 kwa kijana wa kiume wa miaka 25 huonyesha uchujaji wa takriban mililita 92 kwa dakika, ambao ni mzuri. Namba ile ile ya 100 kwa bibi wa miaka 75 huonyesha takriban mililita 51 tu. Karatasi ya maabara inaweza kuandika kwamba wote wawili wako katika kiwango cha kawaida, na bibi akarudishwa nyumbani bila mtu kushtuka. Bibi zetu wengi wa huku ni wembamba, misuli yao ni midogo, na taka wanayotoa ni kidogo. Kwa hiyo figo zao zinaweza kuwa zimepungua nusu huku namba ikionekana njema.

Kaka yangu aliruhusiwa akiwa na kreatinini ya 168. Namba hiyo naijua kwa kuwa nilimwomba kijana wa maabara aniandikie pembeni ya gazeti nililokuwa nalo. Kwenye fomu ya ruhusa iliandikwa nimonia ya UVIKO, dawa za kuendelea nazo, na arudi akijisikia vibaya. Haikuandikwa figo. Haikuandikwa kwamba alichanjwa, ingawa cheti chake cha chanjo kilikuwa ndani ya mfuko wa shati lake tangu siku ya kwanza. Laiti ningekuwa sijasomea kazi hii, tungerudi Tandahimba tukishukuru Mungu kwa kupona kwake, naye angemeza diklofenaki tena mgongo ulipomuuma wakati wa kupulizia salfa.

Ombi langu kwa viongozi wa afya wa mikoa ya Mtwara na Lindi halihitaji mashine mpya. Nataka kila mtu mzima anayelazwa kwa nimonia au UVIKO, hasa mwenye presha, kisukari au umri uliopita miaka 50, apimwe kreatinini na mkojo siku ya kuingia badala ya siku ya nne, apimwe tena kabla ya kuruhusiwa, na namba zote mbili ziandikwe kwenye fomu anayokwenda nayo nyumbani pamoja na chanjo aliyopata, aina yake na tarehe. Kipimo cha mkojo kwa karatasi ni cha bei ndogo na hutoa jibu kwa dakika chache. Protini ikionekana humo, hata zahanati inaweza kumpa mgonjwa rufaa. Kliniki za presha na sukari nazo zipime figo angalau mara moja kwa mwaka, ili daktari wa zamu atakapouliza tena lile swali, awepo mtu wa kumjibu.

Hospitali zetu za kusini, kuanzia Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mitengo, hadi Sokoine ya Lindi, Ndanda na Nyangao, huwahudumia watu wa aina moja: wakulima wa korosho na ufuta, wavuvi, watu wanaofanya kazi juani kutwa na ambao katika vijiji vingi vya uwanda wa Makonde maji bado hupatikana kwa shida. Kumbukumbu zao zikiandikwa kwa namna moja na kuwekwa pamoja, tutaweza kusema kwa hesabu zetu wenyewe kama wagonjwa wetu waliochanjwa wanakaa muda mrefu kwa sababu ya figo, na kama ni hivyo, ni figo zipi: zilizoharibika zamani au zilizoumizwa na ugonjwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia Mei 2020, takwimu za ugonjwa huu hazikutangazwa nchini, na pengo hilo ndilo linalotufanya leo tuazime namba za New York na Uingereza kuwaelezea watu wa Newala. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, lakini kirusi hakikuondoka, na wazee wetu wanaendelea kukipata.

Kwako wewe Mhariri, naomba waandishi wako wanapoandika kwamba mgonjwa aliyechanjwa alilazwa siku kadhaa, waulize pia umri wake, magonjwa aliyokuwa nayo, na figo zake zilipimwa lini. Maswali hayo hayamvunjii mgonjwa siri yake ikiwa jina halitajwi.

Kaka yangu alipimwa tena mwisho wa Aprili 2022, akawa na 159, na Julai akawa na 161. Hapo ndipo tulipojua kwamba ana ugonjwa sugu wa figo, kwa uchujaji wa takriban mililita 42 kwa dakika, na kwamba yaelekea figo zake zilikuwa zimechoka tangu zamani, ugonjwa ule ukaziangusha zaidi kisha zikarudi karibu na pale zilipokuwa, ingawa bila kipimo cha zamani hatuwezi kuthibitisha. Nimemnunulia daftari jipya la kliniki na kwenye ukurasa wa kwanza tumeziandika namba zote kwa tarehe zake, kuanzia ile 214. Presha yake sasa inafuatiliwa kwa karibu zaidi, diklofenaki ameiacha kabisa, na mgongo ukimuuma hunywa parasetamo. Kila anapokwenda kliniki hulifungua daftari lenyewe kwenye ukurasa ule kabla hajaulizwa.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Shangani, Mtwara